Kinga aliyopewa Saleh: ilizuia vita vya Yemen au ndiyo iliyovileta?

MLETA MADA: Wadau, salaam. Kila Yemen inapotajwa tunakimbilia Iran na Saudi Arabia, tunasahau kwamba Wayemeni wenyewe walikuwa na nafasi yao ikawaponyoka. Naomba tuijadili nafasi ile.

Tarehe 23 Novemba 2011, mjini Riyadh, Rais wa Yemen Ali Abdullah Saleh alisaini mpango wa nchi za Ghuba: aachie madaraka aliyokaa nayo miaka 33, na yeye na watu wake wasishtakiwe. Januari 2012 Bunge likapitisha sheria ya kinga. Mwezi uliofuata makamu wake, Hadi, akawa rais kwa uchaguzi wa mgombea mmoja.

Mimi nasema vita vilianzia pale. Vijana waliokuwa wakimtaka Saleh ang'oke, waliokesha kwenye mahema karibu na Chuo Kikuu cha Sana'a, mji mkuu, walishazika wenzao. Ijumaa ya tarehe 18 Machi 2011 pekee, wadunguaji wa juu ya mapaa waliua zaidi ya watu 40. Wazazi wao wakaambiwa hakuna kesi. Na mzee Saleh mwenyewe hakwenda popote. Alibaki Sana'a, mwenyekiti wa chama kilekile, chama kina nusu ya mawaziri, na mwanawe Ahmed akaendelea kushika Walinzi wa Jamhuri, kikosi teule cha jeshi, kwa miezi mingi. Mpito gani huo?

MCHANGIAJI WA DAR: Ndugu yangu, uchungu wako nauelewa, ila nakupinga. Unaongea kana kwamba palikuwa na njia nyingine. Machi 2011 Jenerali Ali Mohsen alishaasi na kikosi chake. Mei, mtaa wa Hasaba mjini Sana'a ulikuwa unapigwa mizinga, askari wa Saleh huku, watu wa ukoo wa al-Ahmar, viongozi wa kikabila waliompinga, kule. Juni bomu likalipuka msikitini ndani ya ikulu, Saleh akaungua vibaya. Mtu wa aina hiyo ukimwambia gereza linakungoja, atasaini? Gaddafi hakupata pa kutokea, akauawa Oktoba mwaka huohuo, na Libya haijatulia mpaka leo.

Kinga iliwanunulia Wayemeni karibu miaka mitatu. Wakaitumia: wajumbe 565 walikaa Sana'a kuanzia Machi 2013 hadi Januari 2014, wanawake, vijana, Wahouthi (lile kundi lenye silaha la kaskazini), watu wa kusini, wakizungumzia katiba. Hilo si dogo, tusilidharau.

MCHANGIAJI WA MOMBASA: Babu yangu alitoka Shihr, pwani ya kusini ya Yemen, kwa jahazi, na ndugu zetu wako Mukalla, pwani hiyohiyo, kwa hiyo haya tunayasikia kwenye simu kila wiki. Nyote mmekaa Sana'a tu. Kilichoharibu ni ramani. Februari 2014 nchi ikagawanywa mikoa sita, Wahouthi wakajikuta ndani ya mkoa wa Azal, milimani, hawana bandari wala visima vya mafuta. Watu wa kusini, waliokuwa na dola yao hadi 1990, wakakatwa vipande viwili. Halafu Julai serikali ikaondoa ruzuku ya mafuta! Wahouthi wakaingia barabarani pamoja na wananchi wenye hasira za haki, na tarehe 21 Septemba Sana'a ikawa mikononi mwao.

Leo shangazi yangu akipokea pesa Mukalla, noti zake hazipokelewi Sana'a. Wahouthi walizipiga marufuku noti mpya za Aden, zinazotolewa na serikali inayowapinga. Kaskazini wanazungusha zile kuukuu, nyingine zimebandikwa gundi ya karatasi katikati zisiachane. Mwaka 2025 dola moja Sana'a ilikuwa chini ya riyali 600, Aden ilishapita 2,000. Mtoto aliye Aden akimtumia mama yake aliye Sana'a riyali elfu kumi, mama hapati hata nusu. Hao mtawaunganisha kwa karatasi gani?

MLETA MADA: Nimewasoma wote, ahsanteni. La ramani nalikubali, na la noti limeniumiza kweli.

Ila tujiulize, nani aliwafungulia Wahouthi njia ya Sana'a? Saleh alipigana nao vita sita kati ya 2004 na 2010, na kiongozi wao Hussein al-Houthi aliuawa katika vita vya kwanza. Mwaka 2014 makamanda waliobaki na utii kwa Saleh waliwaacha wapite. Wakashirikiana hadi Desemba 2017, walipogombana naye wakamuua. Bila kukaa nchini na watu wake jeshini, asingekuwa na cha kuwauzia.

Kwa hiyo ndugu wa Dar, nakuachia nusu ya hoja: bila kinga asingesaini. Nusu yangu siiachi. Kinga ingefungwa na masharti, aondoke nchini, aache chama, na jamaa zake watoke jeshini kabla ya kura ya Februari 2012. Hadi alitoa amri ya kuwavunja Walinzi wa Jamhuri Desemba 2012, wakati utii wa askari wao ulikwishaota mizizi. Umoja wa Mataifa ulikadiria vifo 377,000 vya vita hivi hadi mwisho wa 2021, vingi vya njaa na maradhi. Ndiyo maana silegezi.

Na bado. Aprili 2022 Hadi alikabidhi madaraka kwa baraza la watu 8, baadhi yao wakiwa na majeshi yao binafsi. Siku Wahouthi wakikaa mezani, majeshi hayo yatakabidhi silaha kwa nani? Mwenye jibu, alete hapa.