Nyaya za televisheni ya ukutani: tupeane uzoefu wa kuzificha

Mkaa Shangani: Ndugu zangu wa Mtwara na Lindi, msimu wa korosho umepita na sebule nyingi zimepata televisheni mpya, lakini kila ninapokaribishwa naona jambo lile lile: kioo kizuri kimepandishwa ukutani, na chini yake zinaning'inia nyaya za umeme, za king'amuzi, za spika na za antena, hadi kwenye ekstensheni iliyolala sakafuni. Jana nimetoka kwa jirani ambaye mtoto wake anayetambaa aliukamata waya mmoja akauvuta mpaka king'amuzi chenyewe kikamwangukia mguuni. Hakuumia sana. Naomba aliyewahi kuzificha nyaya zake aeleze alivyofanya, ukuta wake ni wa aina gani, na kilichomsumbua baadaye.

Korosho Daraja la Pili: Kwangu aliyeuvuta hakuwa mtoto, alikuwa mbuzi wa jirani.

Fundi wa Chuno: Kwa mwenye nyumba ambayo haijapigwa plasta, kazi ni nyepesi: ukuta wa tofali za saruji unachanwa kutoka nyuma ya televisheni kushuka wima hadi nyuma ya kabati, linalazwa bomba la plastiki, kisha plasta inafunika. Ninachowasihi ni upana wa bomba. Wengi hulaza lile la milimita 20 la nyaya za taa, na siku ya kupitisha waya wa HDMI, ule wa kuleta picha na sauti kutoka kwenye king'amuzi, kichwa chake kinakwama mdomoni, kwa sababu pamoja na plastiki yake kinakaribia upana huohuo. Laza bomba la inchi mbili, acha ndani yake kamba ya nailoni ya kuvutia, na usiweke kona kali. Umeme usipite humo. Soketi iwe na bomba lake peke yake na ikae nyuma ya kioo, ili ekstensheni isiwe na kazi tena.

Mjukuu wa Mikindani: Hayo ni ya nyumba za tofali. Sisi tulioachiwa nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa tukileta grainda, ile mashine ya kuchania ukuta, tunatafuta balaa. Fundi alianza kuchana ukuta wa nyumba ya babu, jiwe la kwanza likatoka na wenzake, ukabaki uwazi ambao paka angelala ndani, na chokaa ikaendelea kumwagika usiku kucha. Tuliziba kwa chokaa na mchanga, si kwa saruji, maana mzee mmoja wa mtaani alitueleza kwamba saruji huuzuia ukuta wa aina ile kupumua na unyevu hubaki ndani. Halafu seremala akatutengenezea ubao wa mninga unaoanzia kabatini hadi juu ya televisheni, akaupachika kwenye fito mbili zilizosimama, na nyaya zote zikashuka katika nafasi iliyobaki kati ya ubao na ukuta. Ukitaka kubadili waya unafungua skrubu nne tu.

Mama Nachingwea: Mimi nilitumia trankingi, ule mfereji mwembamba wa plastiki wa kufichia nyaya juu ya ukuta, yenye gundi nyuma. Ukuta wa rangi ya chokaa haushiki gundi. Ilibanduka pamoja na rangi yake, usiku, kwa kishindo kilichoamsha nyumba nzima. Sasa imekazwa kwa skrubu fupi na imetulia.

Korosho Daraja la Pili: Gundi hiyo ni ya kuuzia, si ya kushikia.

Mkwe wa Newala: Nimesoma neno grainda na mwili umenisisimka. Fundi tuliyeelekezwa na jamaa alikata waya wa ekstensheni, akauunga na mwingine kwa utepe, akauzika ndani ya plasta bila bomba lolote, akapaka rangi, na kwa kweli ilipendeza. Wageni walikuwa wakiuliza umeme unapitia wapi. Kiangazi kizima hapakuwa na tatizo. Masika ilipoingia, ukuta ule unaopigwa na mvua ukaanza kutoa malengelenge ya rangi chini ya televisheni. Mama mkwe alikuwa amekuja kututazama, na kwa kuwa hawezi kukaa bure, aliamka alfajiri akachovya kitambaa kwenye ndoo ili afute vumbi. Alikuwa pekupeku juu ya sakafu ya saruji. Nilisikia ndoo ikipinduka, nikatoka mbio, nikamkuta amekaa chini katikati ya maji, ameushika mkono wake wa kulia, ananitazama. Nilikwenda kwanza kuzima swichi kuu. Nilipomrudia aliniambia kwa upole kabisa: "Mkwe, kama ugeni wangu umewachosha ungemwambia mwanangu, ningepanda basi la Newala mwenyewe." Tulimpeleka hospitali, wakampima moyo na kukaa naye hadi jioni. Ukuta ulipobomolewa tulikuta skrubu ya breketi imekwaruza ganda la waya, na plasta iliyolowa ilikuwa imeupitisha umeme mpaka kwenye chuma kilichobeba televisheni.

Mama Nachingwea: Pole sana, shemeji. Mama anaendeleaje? Alikubali kurudi tena?

Mkwe wa Newala: Anaendelea vizuri na anakuja, ila haingii sebuleni kabla hajauliza kama umeme umezimwa.

Bwana Kazi Rahisi: Poleni, lakini tusitishane. Kwangu Lindi waya umezikwa kwenye plasta miaka mingi na televisheni inawaka. Kosa ni la fundi, si la plasta.

Fundi wa Chuno: Kaka, televisheni ya inchi 43 aghalabu haivuti hata wati 150, ndiyo maana waya wako haujapata joto. Hatari ni unyevu. Waya laini wa ekstensheni haukutengenezwa ili uzikwe, na kiungo cha utepe kikilowa, volti 230 zinatafuta njia. Siku utakapotundika picha ya harusi utajuaje waya umepita wapi? Kwako ndugu Mkwe: weka kifaa kinachokata umeme unapovuja, kile cha miliamperi 30, na mwite fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, aupime waya wa ethi, ule unaoupeleka ardhini umeme uliovuja.

Bwana Kazi Rahisi: Naona unatafuta kazi humu.

Fundi wa Chuno: Kwako siji hata ukinilipia nauli.

Korosho Daraja la Pili: Acheni ugomvi. Mimi king'amuzi nimekibandika nyuma ya televisheni, haionekani nyaya hata moja.

Mjukuu wa Mikindani: Na rimoti unaielekeza wapi? Mwanga wake haupenyi televisheni wala ubao. Ni lazima uwe na jicho la waya la kupokea mwanga wa rimoti, linalochungulia pembeni, halafu king'amuzi kinabanwa na joto huko nyuma.

Korosho Daraja la Pili: Rimoti namtuma mtoto akaipeleke karibu.

Mpangaji wa Ligula: Mwenye nyumba wangu amenikubalia matundu manne ya breketi na si zaidi. Nyaya nizifanyeje?

Mama Nachingwea: Trankingi nyembamba, mdogo wangu, ila sugua ukuta kwa kiganja kwanza. Kikitoka kisafi si chokaa, na gundi itashika. Kikitoka cheupe ni chokaa. Na uipake rangi ya ukuta kabla ya kuibandika, usije ukachafua pembeni.

Bwana Kazi Rahisi: Au ahamie Lindi, huku hatuna masharti.

Korosho Daraja la Pili: Huko mnazika nyaya zikiwa hai.

Mpangaji wa Ligula: Kiganja kimetoka cheupe. Itanibidi nikamwombe mwenye nyumba matundu mengine.