Gari limevuka kilomita laki mbili: haidroliki ibadilishwe au iachwe?

Hoja iliyo mezani: gereji nyingi za Mwanza humwambia mwenye gari la zamani la otomatiki asiguse oili ya gia (ndiyo haidroliki) kama haijawahi kubadilishwa, eti mpya itaua giaboksi. Kweli, au woga tu?

Fundi wa Nyakato: Woga una sababu. Gari linakuja linateleza gia, oili nyeusi, inanuka kuungua. Klachi za ndani zimeshalika. Mwaga, weka mpya, wiki haiishi halipandi kilima cha Bugando, na mteja anasema fundi kaua. Wenye mashine ya kusukuma oili kwa presha ndio wabaya zaidi. Uchafu uliojitulizia kwenye sampo, bakuli la oili chini ya giaboksi, wanaupeleka kwenye vali zinazobadilisha gia.

Mdau wa Buzuruga: Mkuu, hiyo ilikufa kabla hujaletewa. Pima kwanza. Injini ikiwa moto, hendibreki juu, mguu kwenye breki, toa N (huru) weka D (mbele): Toyota nyingi gia hutakiwa kushika ndani ya sekunde 1.2, na N kwenda R (nyuma) ndani ya 1.5. Ikishika vizuri, na oili ni kahawia isiyonuka, badilisha bila mashine. Giaboksi ya gia nne ya Corolla au Premio za zamani inabeba lita 6 na ushee. Ukimwaga zinatoka kama 3, nyingine zinabaki kwenye konveta, ile inayounganisha injini na giaboksi. Raundi ya kwanza inakupa karibu nusu mpya, ya pili kama asilimia 70, ya tatu 84 hivi. Katikati gari litembee kilomita mia kadhaa.

Filta ni raundi ya kwanza, sampo ikishuka. Boliti zake ndogo zinataka Nm 7 au 8 tu (kipimo cha nguvu ya kukazia). Ukikaza kama nati za gurudumu, ukingo unapinda na oili inavuja. Weka gaskiti mpya, usijaze silikoni, maana inayozidi hukatikia ndani, filta ikaivuta, pampu ikakosa oili. Kisha angalia sumaku zilizo chini ya sampo. Tope laini la kijivu ni kawaida. Ukikuta vipande vinavyokwaruza kidole, mwambie mwenye gari aanze kutafuta giaboksi.

Muuza spea, Igoma: Mnabishania umri, na kopo je? Watu wanaomba "haidroliki nyekundu", basi. Dexron ya usukani ni nyekundu, T-IV na WS za giaboksi za Toyota nazo nyekundu, na si kitu kimoja. Toyota nyingi aina imeandikwa kwenye kijiti cha kupimia, ni kukifuta na kusoma. Premio za CVT, giaboksi ya mkanda badala ya gia, ndiyo kabisa, zina oili yake peke yake. Ukiweka ya kawaida mkanda wa chuma unateleza.

Mdau wa Mabatini: Mmesahau kupima kiasi cha oili. Injini inaunguruma, gari pasipo na mteremko (Mwanza hii, kapatafute), pitisha gia zote P hadi L na kurudi P, ndipo usome alama ya HOT kwenye kijiti, oili ikiwa nyuzi 70 hadi 80. Ikizidi inatoa povu, na oili yenye povu haisukumi kitu. Halafu rejeta. Wengi wanatia maji ya bomba tu, wakati kipozeo cha oili ya gia kimo humo humo ndani. Kikioza, maji na oili vinachanganyika, unamwaga maziwa ya pinki. Hapo kubadilisha oili na kuacha rejeta ni kutupa hela.

Na hizo lita 3 chafu mara tatu zinaenda wapi? Mitaro inaingia Mto Mirongo, Mirongo unaingia ziwani, na maji ya kunywa yanavutwa ziwa hilo hilo pale Capri Point. Anayesema tubadilishe aseme na dumu la kukusanyia liko wapi.

Fundi wa Nyakato: Dumu si kazi. Sekunde 1.2 nayo naikubali. Lakini linalozidi hapo siligusi, hata kwa raundi kumi: likizimika gia Kisesa kesho yake, anayepigiwa simu si mdau wa Buzuruga.