Cheti cha nguvu hakitoshi: mabamba ya alumini yenye nyuzi za kaboni yanameguka ghalani

Ndugu wanajukwaa, naandika nikiwa na hasira. Mabamba ya alumini iliyoimarishwa kwa nyuzi za kaboni niliyouziwa yalikuja na cheti kinachotaja nguvu ya kuvutwa peke yake, iliyopimwa mara tu baada ya kusubu. Baada ya kukaa kwenye hewa yenye unyevu, yameanza kutoa unga wa kijivu na kumeguka kufuata mkondo wa nyuzi. Nilipomuuliza muuzaji nyuzi zilipakwa nini kabla ya kukutana na metali iliyoyeyuka, alijibu kwamba hiyo ni siri ya kiwanda, kisha akalilaumu ghala langu.

Siri gani? Alumini huyeyuka kwenye selsiasi 660, na katika joto hilo hailowanishi kaboni hata kidogo, yaani haisambai juu ya nyuzi wala kupenya kati yake. Mtengenezaji asiyetaka gharama huzidisha joto ili metali ipenye, na hapo ndipo anapoiharibu kazi yote, kwa sababu kaboni huungana na alumini kuwa kabidi ya alumini, ambayo ni kavu, huvunjika upesi, na ikipata unyevu hugeuka kuwa hidroksidi huku ikitoa gesi ya methani. Uzi wenyewe una kipenyo cha mikrometa 7 hivi. Ukiliwa pembeni kidogo tu, nguvu iliyolipiwa imepotea.

Dawa zake zinajulikana: kupaka nyuzi nikeli, shaba au kabidi ya silikoni, na kuisukuma metali kwa shinikizo ili igande kabla haijakaa na nyuzi muda mrefu. Hata nikeli inahitaji uangalifu, kwani huyeyukia ndani ya alumini na kuunda misombo inayovunjika kwa urahisi. Na pasipokuwa na kabidi yoyote, bado kaboni ikigusana na alumini penye maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Mnunuzi ana haki ya kuambiwa haya kabla hajalipa.

Nadai fedha zangu zirudishwe. Nadai pia cheti kitaje aina ya mpako, joto la kusubu, muda wa mgusano, na nguvu iliyobaki baada ya bamba kuwekwa kwenye unyevu. Mwenye picha za hadubini za mpaka kati ya uzi na metali kutoka mabamba ya namna hii aziweke hapa, kwa maana muuzaji wangu amekataa kunionyesha hata moja.