MREJESHO: Hoteli iliyotaka neno la siri la Instagram yangu

Assalaam alaykum. Mimi ndiye yule niliyeomba kazi ya mapokezi hoteli moja ya Nungwi, fomu ikanitaka akaunti zangu za Facebook na Instagram pamoja na neno la siri. Wengi mlinambia nisitoe. Wengine mkasema kazi zenyewe ziko wapi, jaza tu.

Sikujaza. Niliandika "ukurasa wangu wa wazi mnaweza kuutazama", kwenye neno la siri nikapiga mstari. Siku ya usaili bwana mmoja akaniuliza, "Kwani unaficha nini?" Nikamwambia humo mna picha za singo ya mdogo wangu, ile sherehe ya wanawake kabla ya harusi, watu vichwa wazi, wamenitumia kwa kuniamini. Ruhusa ya kuzionesha si yangu. Bi mkubwa aliyekaa pembeni yake akatikisa kichwa, akasema, "Hilo kweli, mwanangu."

Kifungu cha 15 cha Katiba ya Zanzibar ya 1984, kile cha hifadhi ya mawasiliano binafsi mlichonitajia, sikuhitaji kukitoa mkobani. Marekani nako, jimbo la Maryland liliwakataza waajiri kudai maneno ya siri tangu 2012. Ukurasa wa wazi watazame watakavyo, hata mie ningetazama. Ujumbe wa ndani, hapana.

Kazi nimepata, alhamdulillah, ila hoteli nyengine, Kiwengwa. Wale wa Nungwi hawakunipigia. Shoga yangu kachukua fomu yao juzi: mstari wa neno la siri bado upo.