Tupeane uzoefu: hadithi za mapenzi tulizosoma na kutazama, za peke yako na za wawili

Bint Tabata

Wakuu, naomba tupeane uzoefu wa vitabu, filamu na tamthilia za mapenzi, ila kwa sharti moja: usitaje jina ukaondoka. Sema uliisoma au uliitazama na nani, wapi, na ikawaje. Orodha za filamu nzuri zimejaa kila kona, na nyingi ukimwekea mwenzako anakoroma kabla wahusika hawajajuana majina.

Naanza. Kwangu kuna vya peke yangu na vya wawili, wala havichanganyiki. Cha peke yangu ni Vuta N'kuvute ya Adam Shafi. Kidato cha tano tulikisoma kwa ajili ya mtihani, unajua tena, dhamira, migogoro, falsafa ya mwandishi, mpaka Yasmin na Denge wakawa majibu ya swali la insha. Nilikirudia nikiwa nimeshaolewa, mume kasafiri, nikakuta kitabu kingine kabisa. Binti anaozwa kwa Raza, mwanamume wa umri wa kumzaa, anamkimbia, anapokewa na Mwajuma kule Ng'ambo, halafu moyo wake unamwangukia kijana ambaye makachero wa mkoloni hawampi nafasi hata ya kupumua. Mwalimu alitufundisha siasa yote iliyomo. Mwajuma hakutufundisha, na mimi namwona ndiye anayekibeba kitabu.

Filamu yake ya 2021, ile ya Amil Shivji, nilitazama na mume. Aliipenda, hasa zile picha za Zanzibar. Mimi bado niko kwenye kitabu, na nakisomea chumbani mlango umefungwa. Karibuni.

Msela wa Gongo la Mboto

Dada umenikumbusha Mfadhili ya Hussein Tuwa, nayo tuliisoma kwa mtihani. Wanaume wote wa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) tulijifanya habari za Gaddi Bullah na Dania hazijatugusa. Aliyelia bwenini namjua. Sasa hivi ni mkuu wa shule, kwa hiyo nanyamaza.

Yangu ni Titanic, niliyoiona banda umiza nikiwa mdogo. Mnajua filamu ile inazidi saa tatu, na enzi za mkanda ilikuja kaseti mbili. Basi mwenye banda, kaseti ya kwanza ilipokwisha, akawasha taa, akapita na kopo lake kukusanya kiingilio upya. Watu walikuja juu! Mzee mmoja akasema yeye amelipa kuona meli inazama, na meli bado haijazama. Mwenye banda akajibu kwamba aliyolipia ni mapenzi, kuzama ni bei nyingine. Tukalipa wote. Nani angeondoka pale?

Mpaka leo hii Jack na Rose kwangu ni watu wa benchi la mbao na jasho. Nilishawahi kumwekea mchumba wangu sebuleni, kiyoyozi kinapuliza, sauti safi, kila kitu. Akaniuliza kwa nini Rose hakusogea kidogo pale kwenye ubao Jack naye akapanda. Tukabishana mpaka wali ukaungua. Nikaona kumbe ile ilikuwa ndiyo sehemu nzuri ya jioni.

Mama Mkubwa wa Upanga

Wanangu hamjambo. Ninyi mnasema peke yako au wawili. Sisi tulitazama mapenzi kumi na wawili ndani ya pikapu.

Drive-in cinema ya Dar ilifunguliwa 1966, upande wa Msasani. Kiwanja chenyewe leo ndipo ulipo ubalozi wa Marekani. Jumapili ilikuwa siku ya filamu za Kihindi na familia nzima ilipanda gari: mama, shangazi, watoto, majirani, masufuria ya pilau, chupa ya chai, mikeka ya kutandika nje. Spika unaining'iniza kwenye dirisha la gari. Asiye na gari alikuwa na ndugu au jirani mwenye gari, na Jumapili alikuwa na adabu sana kwa huyo ndugu.

Bobby tuliitazama hapo. Ni filamu ya Raj Kapoor ya 1973, Rishi Kapoor na Dimple Kapadia wakiwa vijana wabichi. Mtoto wa tajiri anampenda binti wa mvuvi, baba zao hawataki kusikia, wale watoto mwishoni wanajitupa majini, na kila baba anaokoa mtoto wa mwenzake. Kihindi tulikuwa hatujui, lakini hapo hakuna aliyehitaji mkalimani. Mama yangu alilia, shangazi yangu, aliyekuwa anapinga mchumba wangu kwa sababu kwao ni maskini, akakaa kimya njia nzima ya kurudi. Mchumba mwenyewe alikuwa magari mawili nyuma yetu, amekuja kwa lifti. Mimi najua alikuwepo, shangazi hajui. Wakati wa mapumziko nilijitolea kwenda kununua bisi, na siku hiyo bisi zilichukua muda mrefu kukaangwa.

Huyo ndiye baba watoto wangu. Sisemi shangazi alibadilika kwa ajili ya filamu, alibadilika baada ya kijana kupata kazi bandarini. Lakini Bobby ilimpa pa kuanzia.

Msela wa Gongo la Mboto

Shikamoo mama. Bisi zilichukua muda mrefu 😂

Mama Mkubwa wa Upanga

Marahaba mwanangu. Usicheke, utazeeka.

Mkwe wa Mbagala

Mimi nimeishi na mama mkwe tangu siku ya kwanza ya ndoa, chumba chetu na chake vinatenganishwa na ukuta usiofika juu. Kwa hiyo hayo mambo ya filamu za faragha nayasikia kwenu.

Mwaka 2011 TBC wakaleta ile tamthilia ya Kichina iliyotiwa sauti za Kiswahili, Doudou na Mama Wakwe Zake. Kama hukuiona: Doudou ni nesi, kaolewa, na mumewe ana mama mzazi na mama wa kambo, wote wawili wana maoni juu ya kila kitu. Ilikuwa maarufu mpaka Rais Xi Jinping alipokuja Dar Machi 2013 akaitaja kwenye hotuba yake.

Sikuiita tamthilia ya mapenzi mwanzoni. Niliiona kama ya visa vya familia. Lakini tulikuwa tunaitazama sote watatu, na mama mkwe akawa anamteta yule mama wa Beijing: "Huyu mama mbona anaingilia vyakula vya watoto wa watu?" Mimi na mume wangu tunatazamana, hakuna anayethubutu kucheka. Siku nyingine mume wa Doudou yuko katikati, mama huku, mke kule, wa kwangu akanigusa mguu chini ya meza. Kwa mtu anayeishi nyumba yenye ukuta usiofika juu, kuguswa mguu ni barua ndefu.

Filamu za watu wawili kwenye jumba ufukweni siwezi, sioni hata pa kuingilia. Nipe mapenzi yenye wakwe na ndoo za maji.

Usiku wa Manane

Mimi ni peke yangu, spika za masikioni, taa imezimwa. Crash Landing on You, vipindi 16, kutoka Korea Kusini. Tajiri wa Seoul anapeperushwa na upepo na mwavuli wake wa kurukia mpaka Korea Kaskazini, anaokotwa na mwanajeshi. Upuuzi mtupu, na nimeirudia. Siitazami na mtu kwa sababu kila mtu niliyejaribu naye anauliza maswali ya mpaka na pasipoti. Waigizaji wake wakuu, Hyun Bin na Son Ye-jin, wakaoana kweli Machi 2022, na siku hiyo kazini nilipongezwa kama mimi ndiye mama wa bibi harusi.

Suka wa Tunduma

Naendesha lori, mke yuko Kimara. Sisi wawili tunatazama kitu kimoja kila mtu na kwake. Tulianza na Siri ya Mtungi, ile ya 2012, Cheche mpiga picha wa Bagamoyo na mkewe Cheusi. Nikipaki Makambako usiku, natazama kipindi kimoja, naye nyumbani kile kile, halafu tunapigiana. Sheria ni kwamba hakuna kuruka mbele.

Ugumu wake ni kwamba Cheche ana mke mzuri nyumbani na macho hayatulii. Sasa we fikiria, dereva wa masafa unaulizwa na mkeo kwenye simu saa nne usiku: "Cheche amefanya sahihi?" Jibu lolote ni kesi. Ukisema hapana, anakuuliza mbona umejibu haraka. Lakini maswali ambayo angeyanyamazia mwaka mzima yalitoka kupitia Cheche, nami nikayajibu kupitia Cheche. Siku hizi tuko kwenye tamthilia ya Huba, na yeye anaruka mbele, najua, anajifanya kushtuka.

Mke wa Pili

Nitasema kitu na msinirukie. Kitabu changu ni Barua Ndefu Kama Hii ya Mariama Bâ, Msenegali. Alikiandika kwa Kifaransa, kikatoka 1979, tunacho kwa Kiswahili. Ramatoulaye amefiwa, anamwandikia shoga yake Aissatou, anaeleza jinsi mumewe Modou alivyomwoa Binetou, rafiki wa binti yao, baada ya miaka ishirini na ushee ya ndoa.

Nilipewa na mwenzangu wa kazini asiyejua mimi ni mke wa pili. Nilikisoma kwenye mwendokasi kuanzia Kivukoni hadi Mbezi, nimekifunga kava la gazeti. Kinauma na ni kizuri, yule mama ana heshima ya ajabu kwenye maandishi. Lakini nilikuwa namtafuta Binetou kila ukurasa. Anaonekana tu kwa macho ya wengine: mama yake anamsukuma, mume anamnunulia. Yeye mwenyewe barua yake haikuandikwa. Nimebaki naitunga kichwani.

Hiki siwezi kusoma na mume. Ningependa siku moja nikisome na bi mkubwa.

Bint Tabata

Dada, hapa hakuna wa kukurukia. Ukiandika hiyo barua ya Binetou mimi ni msomaji wako wa kwanza.

Mbishi wa Sinza

Mimi filamu za mapenzi sizipendi, nasema wazi. Watu wanakimbizana kwenye mvua, mbona wasingoje ikate? Kitabu changu cha mapenzi ni Mabepari wa Venisi, Shakespeare kwa Kiswahili cha Mwalimu Nyerere, 1969.

Najua mtasema ni habari ya Shylock mkopeshaji na ratili ya nyama ya mtu anayoidai. Someni tena. Portia anapata mume kwa bahati nasibu ya makasha matatu, dhahabu, fedha na risasi, aliyoachiwa na baba yake marehemu. Bassanio anachagua risasi, anampata. Portia anamvika pete, anamwambia ukiitoa hii pete mapenzi yameisha. Halafu rafiki yake Bassanio anakaribia kuchinjwa mahakamani, anaokolewa na wakili kijana, na wakili akiulizwa malipo anasema: sitaki fedha, nataka hiyo pete kidoleni mwako. Bassanio anakataa, rafiki anamsihi, mwisho anatoa. Kumbe wakili ni Portia mwenyewe kajibadilisha!

Nilimsomea mke wangu kwa sauti, umeme umekatika, tochi ya simu. Tulipofika kwenye pete nikamuuliza: ungekuwa wewe? Tumekesha. Hoja yangu: mtu ameokoa uhai wa rafiki yako, pete ni chuma. Hoja yake: kama ni chuma, kwa nini ulilia kuivaa? Mimi nilisema Portia kaweka mtego, na mtego si mapenzi. Yeye akasema mwanamke mwenye akili kumshinda hakimu hawezi kukosa kuwa na akili juu ya mumewe. Kitabu kimekwisha zamani, kesi bado inasikilizwa. Nitajieni filamu moja ya mvua inayofanya hivyo.

Mkwe wa Mbagala

Mbishi mimi niko upande wa mkeo. Pete haitoki.

Suka wa Tunduma

Inatoka. Uhai wa mtu mkuu!

Mama Mkubwa wa Upanga

Angempa wakili saa ya mkononi.

Shemeji Yenu Sinza

Habari zenu, mimi ndiye mke wa huyo Mbishi, ameacha simu ikiwa wazi. Anawapa hoja zake zote kwa kirefu na zangu mbili tu. Hajawaambia kwamba pete yake mwenyewe iko kwa sonara tangu mfungo uliopita, eti inapanuliwa, na kila nikimuuliza anasema kesho. Halafu hao watu wa mvua anaowasema: Veer-Zaara tuliitazama wote, Shah Rukh Khan anafungwa miaka ishirini na mbili Pakistani kwa ajili ya kulinda heshima ya mwanamke, na mtu fulani alitoka kwenda kunawa uso mara mbili. Mimi napendekeza hiyo kwa watazamaji wawili. Tayarisheni taulo.