Python inashusha 64.5 kuwa 64, mwanafunzi anakosa B. Nifanyeje?

Mwl_Chaki: Wakuu, naombeni msaada. Nimeandika kiprogramu kwa Python, ile lugha ya kuandikia programu, cha ripoti za kidato cha tatu. Kinachukua majaribio mawili, kinatafuta wastani, halafu round() inaondoa desimali. Kuna mtoto ana 61 na 68, wastani 64.5. Programu inampa 64, yaani C. Excel kwa alama hizohizo inatoa 65, B. Cha ajabu, 65.5 inapanda vizuri tu hadi 66. Tatizo ni kompyuta yangu au?

kobe_wa_kodi: Kompyuta ni nzima, mwalimu. Kuanzia Python 3, nusu kamili inapelekwa kwenye namba shufwa iliyo karibu, ndiyo maana 64.5 inaenda 64 na 65.5 inaenda 66. Python 2 ilikuwa inapandisha. Sababu ni kwamba ukipandisha kila nusu, jumla ya orodha ndefu inavimba. Kwa mahesabu ya fedha ina maana. Kwa ripoti ya shule ni balaa: 74.5, 64.5 na 44.5 zote zinashuka, kwa hiyo A, B na C zinapotea mpakani. Ni 29.5 tu inayopanda hadi 30 na kupata D!

Dogo_Tek: Mbona rahisi, andika int(wastani + 0.5).

kobe_wa_kodi: Kwa alama itafanya kazi. Ila usiizoee, dogo. int() haikadirii, inakata tu: -2.7 ukiifanyia hivyo unapata -2. Tena jaribu int(0.29 * 100) uone, inatoa 28, maana 0.29 haikai sawasawa kwenye mfumo wa jozi, yaani namba za 0 na 1 ambazo kompyuta inatumia.

Mwl_Chaki: Duh. Na somo jingine jaribio lina asilimia 30, mtihani 70. Hapo ndipo nilizidisha kwa 0.3 na 0.7.

mama_seva: Achana na desimali kabisa, mwalimu. Alama zako ni namba nzima, zibaki hivyohivyo hadi mwisho:

(30*jaribio + 70*mtihani + 50) // 100

Hiyo // inagawanya na kutupa desimali. Akiwa na 61 na 66 anapata 65. Kwa majaribio mawili yenye uzito sawa: (a + b + 1) // 2.

Mwl_Chaki: Imekubali! Asante sana dada.

Dogo_Tek: Na mwenye 64.4 je?

mama_seva: Huyo ni C, akasome.