Naomba ushauri: Witte na sarafu ya rubli 15

Wakuu, habari za jioni. Naandaa somo kuhusu Sergei Witte, waziri wa fedha wa Urusi ya Tsar, 1892 hadi 1903, na nimekwama.

Mwaka 1897 alifunga thamani ya rubli, pesa ya Urusi, kwenye dhahabu. Sarafu ya dhahabu iliyokuwa ya rubli 10 ikatoka na uzito uleule, ila imeandikwa 15! Wanafunzi wanauliza: nani aliumia? Nimewaeleza kwamba rubli ya karatasi sokoni ilishashuka hivyo zamani, hawajaridhika.

Mngewaelezaje kwa mfano mwepesi? Na je, niishie 1903, alipopewa uenyekiti wa Kamati ya Mawaziri (cheo kikubwa, meno hakuna), au nifike Portsmouth, Marekani, 1905, alikosaini amani na Japani?